Kanuni Inayosomeka Dukani

Mwaka 1993, Rakesh Agrawal, Tomasz Imieliński na Arun Swami, watafiti wa IBM huko California, walieleza namna kompyuta inavyoweza kupekua mauzo ya duka kubwa na kutoa kanuni: anayenunua hiki hununua na kile. Mwaka uliofuata Agrawal na Ramakrishnan Srikant wakaleta Apriori, njia ninayoipenda kwa wepesi wake. Ikiwa bidhaa mbili hazionekani pamoja mara za kutosha, hakuna haja ya kuhesabu kundi lolote la bidhaa tatu lenye hizo mbili ndani yake.

Kazi ninayoistahi zaidi huanza pale hesabu zinapokwisha. Programu hutoa kanuni kwa maelfu, kila moja na desimali zake, na anayezisubiri ni meneja ambaye lori la mzigo limeshafika mlangoni. Katikati yao huketi mchambuzi wa data.

Mtazame anavyofanya. Tuseme ana risiti 1,000. Kanuni ya kwanza inasema anayenunua chumvi hununua sukari, uhakika 0.7, yaani wanunuzi 7 wa chumvi kati ya kila 10. Inavutia. Mchambuzi mzuri hana pupa. Anauliza kwanza sukari imo katika risiti ngapi kwa jumla. Anakuta 700. Basi wanunuzi wa chumvi hawana tofauti na wengine, na kanuni ile anaifuta ingawa si ya uongo.

Kanuni ya pili ina jambo. Anaiandika hivi: “Kati ya wanunuzi 200 wa unga wa ngano, 120 walichukua na mafuta ya kupikia. Kati ya wanunuzi wote 1,000, waliochukua mafuta ni 500.”

Sentensi mbili tu, lakini zimepimwa. Angeweza kuandika asilimia 60, ila asilimia 60 ni watu 120 kati ya 200, na ni watu 3 kati ya 5 vilevile. Meneja asingejua ni ipi. Mwaka 1995 wanasaikolojia Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walionyesha kwamba watu hukadiria uwezekano vizuri zaidi wakipewa idadi kama hizi. Tena, mchambuzi hakuandika kwamba unga ndio unaouza mafuta. Risiti hazikumwambia hivyo.

Meneja akisoma, hahitaji mkalimani. “Hao ni wapika maandazi,” atasema, kwa kuwa anawajua wateja wake. Kisha atauliza: je, wanakuja alfajiri? Saa imechapwa kwenye kila risiti, kwa hiyo jibu lipo.

Swali hilo la meneja ndilo lenye faida dukani, na mchambuzi peke yake asingelifikiria. Ninyi mnaounda mifumo ya kusaidia maamuzi, mwachieni meneja mahali pa kuliandika, kwa maneno yake mwenyewe.