Mamba wa Mara na kamera inayofika Julai tu

Umeshaiona hii mara ngapi? Nyumbu wamejazana ukingoni, vumbi, ngoma zinaanza kudunda, mmoja anaruka na wengine wote wanafuata. Halafu macho mawili juu ya maji. Halafu taya. Karibu kila filamu ya Serengeti ina kipande hicho, na siku hizi kimekatwakatwa kuwa video za sekunde thelathini zinazozunguka kwenye simu zetu. Nyingine zimewekewa maelezo ya Kiswahili kwamba huyo ni "mamba wa maji chumvi". Hapana jamani. Mamba wa maji chumvi anapatikana kuanzia mashariki mwa India hadi kaskazini mwa Australia. Wa Mto Mara ni mamba wa Nile, na kosa hilo ndilo dogo kuliko yote.

Kosa kubwa ni la hesabu. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba mamba ndiye anayewamaliza nyumbu mtoni. Mwaka 2017 Amanda Subalusky na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwenye mto huu huu, upande wa Kenya: kwa wastani nyumbu 6,250 huzama kila mwaka, jumla ya tani 1,100 hivi za mizoga. Wanazama, yaani mkondo unawashinda, kingo zinakuwa za mwinuko mkali, wanakanyagana. Na mamba wanakula kiasi gani cha mizoga hiyo? Karibu asilimia 2. Tumbusi na ndege wenzao wanakula zaidi. Nyama iliyobaki inaoza ndani ya wiki chache na kulisha samaki na wadudu, ila mifupa inakaa mtoni miaka kama 7 ikiachia fosforasi taratibu. Mimi nilipoisoma hiyo nilibaki nimeduwaa. Lakini mfupa unaooza miaka 7 hauwezi kupigiwa ngoma, kwa hiyo filamuni haupo.

Mbona mamba anakula kidogo hivyo? Kwa sababu hachomi chakula ili kupasha mwili joto kama sisi. Jua linamfanyia kazi hiyo bure. Mamba mkubwa akishiba anaweza kukaa miezi bila kula tena.

Halafu kuna mama. Jike linafukia mayai mchangani na kulinda kiota kwa miezi mitatu hivi, maana kenge yuko karibu muda wote akisubiri alegee. Joto la kiota ndilo linaloamua jinsia: kwenye nyuzi 32 hadi 34 hivi wanatoka zaidi madume, chini au juu ya hapo majike. Watoto wanalia wakiwa bado ndani ya yai, mama anafukua, anawabeba kwa taya zile zile hadi majini. Mwaka 1990 Mark Deeble na Victoria Stone walitengeneza filamu nzima, Here Be Dragons, kuhusu mamba wa mto Grumeti, hapa hapa Serengeti. Kwa hiyo inawezekana kumpa mamba zaidi ya sekunde thelathini.

Lakini hata filamu nzuri zina ukingo mmoja ambazo hazivuki. Mto ukitoka hifadhini unapita kati ya Tarime na Serengeti, na huko hakuna watalii. Kuna akina mama wenye ndoo, vijana wanaonywesha ng'ombe, wavuvi. Nilipokuwa kijiji kimoja upande wa Tarime nilimwonyesha bibi mmoja video ya kivuko kwenye simu. Akaangalia hadi mwisho, akauliza, "Mwanangu, na sisi tunaochota maji tuko wapi hapo?" Nikasema, "Hampo, bibi." Akanirudishia simu.

Hilo swali lina uzito kisheria pia. Kwa kanuni za mwaka 2011, familia iliyopoteza mtu kwa mnyama hatari ilipangiwa shilingi 1,000,000. Serikali haiiti fidia, inaiita kifuta machozi, na neno limechaguliwa kwa makini. Wakati huo huo, mamba huyu alikuwa ameponea chupuchupu. Biashara ya ngozi ilimmaliza sehemu nyingi za Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita, ndipo akawekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES. Mwaka 1985 Tanzania iliruhusiwa kumshusha hadi cha Pili, kwa mgao maalumu wa mauzo. Kurudi kwake ni mafanikio, na gharama ya mafanikio hayo inalipwa pale pale penye ndoo. Kisima chenye pampu mbali na mto kinaokoa watu na mamba kwa pamoja, maana mamba aliyeua mtu naye huwindwa. Nani atakipiga picha kisima?

Na mto wenyewe unaumwa. Machi 2022 maji ya Mara, chini kuelekea Ziwa Victoria, yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja mimea iliyooza na kinyesi na mkojo wa mifugo, na wengi hawakuridhika na jibu hilo.

Ningekuwa na kamera ningeileta Februari, wakati nyumbu wako mbali kule Ndutu wanazaa. Mto umetulia. Mamba anakula nini siku hizo? Kambale, mara nyingi. Ndoo pia zinashuka mtoni kama kawaida, asubuhi na jioni.