Kasulu hadi Kibondo kwa Dira na Saa

Ukiweka rula kwenye ramani kutoka Kasulu hadi Kibondo unapata mstari wa takriban maili 70 za baharini, uelekeo wa nyuzi 032. Ni safari fupi, lakini kwa rubani mwanafunzi ni darasa zito. Mpaka wa Burundi uko upande wa kushoto wa njia, na upepo wa kiangazi, ambao mara nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, humsukuma kukohuko.

Tuchukulie ndege inakata hewa kwa kasi ya maili 100 kwa saa, na upepo ni maili 15 kwa saa kutoka nyuzi 120. Akiielekeza pua 032 na kuishikilia, baada ya dakika 42 atakuwa amepotoka maili 10 na nusu kushoto, karibu kilomita 19. Anayevusha mtumbwi mto Malagarasi wakati wa mafuriko haelekezi ncha moja kwa moja kwenye gati la ng'ambo. Huielekeza juu kidogo ya mkondo. Rubani naye hugeuza pua nyuzi 9 kulia, akashika 041. Njia juu ya ardhi inabaki 032, kasi juu ya ardhi inashuka hadi maili 98, na muda unakuwa dakika 43. Tofauti ya kaskazini halisi na kaskazini ya sumaku ni ndogo katika eneo hili, ila asiache kuitafuta kwenye ramani.

Sasa kanuni za kuruka kwa kuona. Kwenye anga isiyoongozwa, juu ya futi 3,000 na chini ya futi 10,000, rubani anatakiwa aone angalau kilomita 5 mbele na akae mbali na mawingu: mita 1,500 kwa upande, futi 1,000 juu au chini. Wengi huikariri kilomita 5 kama ruhusa ya kuondoka. Mimi naiona ni ndogo mno kwa njia hii. Alama nzuri ya kwanza ni kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996: safu za paa zisizofanana na kitu kingine porini. Iko kulia mwa mstari, maili kama 3, na kilomita 5 ni maili 2.7 tu. Siku ya moshi wa kuchoma mashamba, mwanafunzi aliye sawasawa kwenye njia anaweza kuipita bila kuiona, huku sheria ikiwa upande wake. Vijiji navyo havimsaidii sana. Kutoka juu, migomba na mabati ya Kumsenga hayatofautiani na ya kata jirani.

Kimo nacho kinahitaji akili. Njia ya kati ya nyuzi 000 na 179 hutumia maelfu witiri na 500 juu yake: 5,500 au 7,500. Lakini baadhi ya vilima vya Buha vinapita mita 1,500, yaani futi 4,900 na ushei. Kwa hiyo 5,500 ni halali kwenye jedwali tu. Ningemtaka apande 7,500.

Kambi inapaswa kuonekana kulia karibu dakika ya 17. Isipoonekana, na ukungu unazidi, arudi Kasulu. Hapo ndipo kosa kubwa hutokea: anaongeza 180 kwenye 041, anashika 221. Upepo haujageuka pamoja naye. Njia ya kurudi ni 212, na pua sasa inatakiwa ielekee kushoto, 203, kwenye kimo cha 8,500. Akishika 221, muda wa kufika Kasulu ukitimia atakuwa takriban maili 8 magharibi ya mji, upande wa mpaka.