Ustahimilivu Hupimwaje: Esaro ya Wakurya na Mchujo wa Jeshi

Ustahimilivu wa askari una pande mbili: wa mwili, yaani uwezo wa moyo, mapafu na misuli kufanya kazi kwa muda mrefu, na wa akili, yaani uwezo wa kuendelea na kuamua sawasawa wakati mwili umechoka na mwisho wa zoezi haujulikani. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, ikiwamo kata ya Morotonga, vijana wengi wa Kikurya hukutana na kipimo cha upande wa pili kabla hawajafika kambini. Kipimo hicho ni esaro, tohara ambayo wakati wake huidhinishwa na inchama, baraza la siri la wazee wa mila, na ambamo kijana hukatwa hadharani bila kutikisika wala kukunja uso, kwa kuwa kilio chake kingekuwa fedheha kwa ukoo mzima.

Esaro hupima uwezo wa kuficha maumivu makali kwa muda mfupi. Vita hudai zaidi ya hapo: katika vita kati ya Tanzania na Uganda, kuanzia Januari 1979 hadi Kampala ilipoanguka mwezi Aprili, askari wa miguu wa Tanzania, wakiwamo wa Brigedi ya 208 chini ya Mwita Marwa, walisonga mbele zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutukula mpakani, sehemu kubwa wakitembea na mizigo yao. Ndiyo maana Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na lenye kambi ya Rwamkoma wilayani Butiama, humlundikia kuruta uchovu siku baada ya siku kwa kwata na kwa mchakamchaka, yaani mbio za pamoja zinazoongozwa na nyimbo.

Hata hivyo, nia ikiuzidi mwili huua. Julai 2013, askari watatu wa akiba wa Uingereza walifariki kutokana na joto kali baada ya kuzidiwa katika matembezi ya takriban kilomita 26 ya mchujo wa kikosi maalumu, katika milima ya Brecon Beacons. Kiharusi cha joto, yaani joto la ndani ya mwili kufikia nyuzi 40 au zaidi huku ubongo ukivurugika, humnyang'anya mtu uwezo wa kutambua kwamba anaumwa. Kimya kinachosifiwa mbele ya kisu cha ngariba huwa hatari katika matembezi kama hayo. Kwa hiyo mkufunzi anayemwona kuruta akiyumba au akijibu ovyo hana budi kumsimamisha, hata kama kuruta mwenyewe anasisitiza kuendelea.