Nembo ya Programu Huria: Ifungue Kabla ya Kuipigia Kura

Wanaochagua nembo ya mradi wa programu huria kwa kawaida huonyeshwa michoro minne au mitano, mikubwa, kila mmoja katikati ya ukurasa mweupe. Hapo yote hupendeza, hata mibovu. Ukitaka kujua upi utadumu, upeleke utakakoishi: kwenye kichupo cha kivinjari, kwenye stika iliyochubuka mgongoni mwa laptopu, kwenye fulana iliyochapwa na fundi asiyejua mradi wenyewe unafanya kazi gani. Kampuni huajiri mtu wa kuilinda nembo yake. Mradi wa watu wa kujitolea hauna mtu huyo. Nembo yake itapunguzwa, itapakwa rangi nyingine na kuchorwa upya na watu ambao mchoraji hatawajua kamwe, na mimi huipima kwa jinsi inavyostahimili mikono hiyo.

Anza na udogo. Alama ya kwenye kichupo cha kivinjari hutengewa pikseli 16 kwa 16, na humo hakuna pa kuficha udhaifu. Tazama OpenStreetMap, mradi wa ramani ambao vijana wa Ramani Huria waliutumia kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Nembo yake ni ramani yenye mikunjo, juu yake kioo cha kukuzia, na ndani ya kioo mna sifuri na moja. Ikiwa kubwa inavutia. Ipunguze, tarakimu zote zinageuka ukungu, ila kioo na ramani vinabaki, basi imeponea chupuchupu. Muulize mchoraji wako: vitu vidogo vikishatoweka, kinabaki nini? Akisema atatengeneza toleo la pili kwa ajili ya sehemu finyu, sawa, lakini alilete leo pamoja na lile kubwa.

Usikubali maelezo marefu yakamlipia deni. Nembo ya Kubernetes ni usukani wa meli wenye mikono saba, na hiyo saba ni utani wa waanzilishi, waliouita mradi wao jina la siri kutokana na mhusika wa tamthilia ya Star Trek mwenye saba katika jina lake. Wengi wanaoitumia kila siku hawana habari na utani huo, na usukani unaeleweka vilevile.

Kisha ondoa rangi. Katika uchapaji wa fulana kwa skrini, kila rangi hudai skrini yake, na kila skrini ni pesa. Ile rangi inayofifia taratibu kutoka zambarau hadi machungwa, iliyoshangiliwa na wote kwenye kioo cha kompyuta, ndiyo itakayomfanya fundi akune kichwa. Msokoto mwekundu wa mfumo endeshi wa Debian, uliochorwa na Raul Silva mwaka 1999, uchape kwa wino mweusi kwenye karatasi ya bei rahisi na bado ni Debian. Nyoka wawili wa Python, wa bluu na wa njano, hubaki wawili hata bila rangi zao kwa sababu mchoraji aliacha ufa mwembamba kati yao. Ufa kama huo ndio ninaoutafuta kwanza: unaonyesha mtu aliyefikiria siku rangi zitakapokosekana. Na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Nembo inayotegemea tofauti hiyo pekee imewaacha nje.

Sasa faili, ambalo wapiga kura karibu wote hawaligusi. Mchoraji atakuambia ameleta SVG, yaani faili la vekta, linaloeleza mistari badala ya pikseli. Ifungue kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi. Ukikutana na ukuta wa herufi zisizosomeka unaotanguliwa na data:image/png, ujue umeletewa picha ya kawaida iliyovishwa koti la vekta. Ukiikuza itapasuka. Ikipita hapo, ifungue kwenye Inkscape, programu huria ya kuchora vekta, chagua umbo moja, kisha bonyeza kifaa cha kuhariri nukta. Duara likigeuzwa kuwa njia huwa na nukta nne, zimekaa juu, chini na pande mbili. Ukiona mamia ya nukta zimerundikana ukingoni kama siafu, hapo kompyuta ndiyo iliyokisia mistari kutoka kwenye picha, na mwenzako atakayetaka kunyoosha pembe moja mwakani atakesha. Mimi hapa ndipo ninapomjua fundi. Mstari wake una nukta chache, na kila nukta ina sababu ya kuwa pale ilipo.

Angalia herufi pia. Jina la mradi likiwa bado ni maandishi yanayotegemea fonti iliyo kwenye mashine ya mchoraji, kwako litatokea kwa fonti nyingine, wakati mwingine kwa sura ya kuchekesha. Ligeuzwe kuwa njia, na nakala inayoharirika ihifadhiwe kando. Fonti yenyewe iwe na leseni inayoruhusu, kama SIL Open Font License.

Leseni ya nembo imewahi kugombanisha miradi mikubwa. Mwaka 2006 Debian walilazimika kuacha jina la Firefox kwa kivinjari walichokisambaza. Hawakuwa wakiitumia nembo rasmi kwa kuwa masharti yake hayakulingana na kanuni zao za programu huria, na Mozilla, wenye Firefox, wakashikilia kwamba jina halitumiki bila nembo. Kivinjari kilekile kikaitwa Iceweasel hadi 2016. Debian nao hawakuwa wasafi kabisa: msokoto wao wenyewe ulikaa miaka mingi chini ya masharti yasiyofikia kipimo chao, hadi 2012 ulipowekwa chini ya leseni ya LGPL au ya Creative Commons BY-SA, mtumiaji achague. Hakimiliki na alama ya biashara ni vitu viwili. Unaweza kumruhusu kila mtu kunakili na kubadilisha mchoro, na bado ukamzuia anayeutumia kudai kwamba bidhaa yake ni yako. Haya yaandikwe kabla mshindi hajatangazwa.

Kuhusu kura zenyewe, siziamini sana. Tux, ngwini wa Linux, alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa programu ya GIMP, baada ya Linus Torvalds kusema anataka ngwini aliyeshiba, aliyetulia. Aliingizwa kwenye mashindano ya nembo na hakushinda. Ukimpitisha kwenye vipimo vyangu anafeli viwili: ana vivuli vingi, na hakuchorwa kwa vekta. Lakini sharti la Ewing lilikuwa jepesi, mtumie na umbadilishe mradi umtaje yeye na GIMP ukiulizwa, kwa hiyo watu wakamvalisha kofia, wakamchora upya kwa vekta, wakamfanya wao. FreeBSD walitumia busara nyingine. Mashindano yao ya 2005 yaliwapa tufe jekundu lenye pembe mbili, kazi ya Anton K. Gural, na Beastie, shetani wao mdogo mwenye viatu vya raba, akabaki kuwa kikaragosi. Tufe linafanya kazi ya kuonekana likiwa dogo, Beastie anafanya ya kupendwa. Mradi ukiwa na mchoro wa kuchekesha ambao wanachama hawataki kuuacha, msiupiganishe na nembo.

Kama lazima mpige kura, karatasi ya kura iwe na kila mchoro katika pikseli 16, kisha kwa wino mweusi, kisha mkubwa, kwa mpangilio huohuo. Majina ya wachoraji yafichwe. Na mtu mmoja mwenye subira awe amefungua mafaili yote siku moja kabla, aondoe yale ambayo SVG yake ni koti tupu.