Rakuni, taa tatu na sekunde 25

Mnyama akikiona kitu, kisha kitu hicho kikaondolewa machoni pake, je, kuna chochote kinachobaki kichwani mwake? Kumtazama porini hakutoshi kulijibu swali hili, maana huko harufu, sauti na nyayo hazikomi kumpasha habari. Lazima mtafiti aandae mahali ambapo kidokezo kimezimwa kweli, halafu asubiri. Walter Hunter wa Chuo Kikuu cha Chicago alifanya hivyo, na ripoti aliyoichapisha mwaka 1913 bado inastahili kusomwa hatua kwa hatua, hasa kwa ajili ya mnyama mmoja aliyeivuruga hesabu yake: rakuni.

Rakuni ni mnyama wa Amerika, wa manyoya ya kijivu, mkia wenye pete na utepe mweusi uliokatiza machoni. Hutembea usiku, na mengi huyajua kwa kupapasa. Sehemu kubwa ya ubongo wake inayopokea hisi za mguso imetengwa kwa ajili ya viganja vya mbele.

Wapo waliomtangulia Hunter. Mwaka 1907, H. B. Davis wa Chuo Kikuu cha Clark aliwapa rakuni masanduku yaliyofungwa kwa ndoano na makomeo ya namna mbalimbali, nao wakayafungua mengi. Mwaka huohuo Lawrence Cole, aliyekuwa Oklahoma, alidai jambo zito zaidi, kwamba mnyama huyu hubeba picha akilini. Aliwainulia kadi za rangi moja baada ya nyingine. Ikija nyeupe, kisha ya chungwa, kisha ya buluu, rakuni akipanda juu anapata chakula. Zikija buluu tatu mfululizo, hapati kitu. Kwa kuwa kadi ya mwisho ni ileile katika mifululizo yote miwili, Cole alisema mnyama anayechagua vizuri lazima awe amezikumbuka zilizotangulia.

Jaribio hilo lina uzuri wake, lakini lina tundu. Rakuni anaweza kuanza kujiweka tayari kupanda mara tu aionapo nyeupe, akabaki katika hali hiyo hadi buluu inyanyuliwe. Kinachokumbuka hapo ni misuli.

Tundu hilo Hunter alilichukulia kwa uzito unaostahili. Alimweka mnyama ndani ya kizimba ambacho kilimruhusu kuona visanduku vitatu mbele yake, kila kimoja na taa. Kwanza alimfundisha kwamba chakula kipo penye taa inayowaka, na taa hiyo ilibadilishwa bila mpangilio ili asizoee upande mmoja. Somo hili lilihitaji majaribio mengi sana. Lilipokolea, ndipo alipoingiza jambo jipya: taa inawaka, inazimwa, na mnyama bado amezuiliwa kizimbani. Akifunguliwa, visanduku vyote vitatu viko gizani. Kwa kubahatisha tu angepata mara moja katika tatu. Baada ya hapo muda wa kuzuiliwa ulirefushwa kidogo kidogo mpaka mnyama aanze kukosea.

Takwimu zake ndizo zinazonukuliwa kila mahali. Panya walifika sekunde 10, rakuni 25, mbwa dakika 5, na watoto wakubwa miongoni mwa aliowapima walifika dakika 25. Ukizipanga namna hiyo unapata ngazi ya akili, na rakuni anaonekana amesimama chini kabisa ya mbwa. Naona usomaji huo unakipoteza kitu chenye thamani kuliko vyote katika ripoti hiyo.

Hunter hakuandika tu nani amepata na nani amekosa. Alitazama mwili unafanya nini wakati wa kungoja. Panya na mbwa walielekeza kichwa au kiwiliwili upande wa taa iliyozimika, wakabaki hivyo. Akigeuka tu, basi, ameipoteza. Kwa hiyo dakika tano za mbwa ni dakika tano za kukaa ameelekea upande mmoja. Rakuni hakukaa hivyo. Alizunguka kizimbani, akageukia huku na kule, na alipofunguliwa bado aliweza kwenda kwenye kisanduku sahihi hata kama mwili wake ulikuwa umeelekea pengine. Hunter, mtu aliyekuwa na hadhari kubwa ya kumpa mnyama akili asizothibitisha, alilazimika kukiri kwamba kuna kitu ndani ya mnyama huyu kilichosimama badala ya taa. Watoto nao walifanya hivyohivyo.

Sekunde 25 za namna hiyo zina uzito kuliko dakika nyingi za shingo iliyokazwa. Hata hivyo zisichukuliwe kuwa kipimo cha mwisho. Rakuni wenyewe walikuwa wanne tu. Tena kifaa nacho kina neno lake: mwaka 1976 David Olton na Robert Samuelson waliwaweka panya kwenye jukwaa lenye njia nane, kila mwisho wa njia chakula kidogo, na panya wakakumbuka vizuri ni njia zipi wameshazipitia, bila kulazimika kuelekeza mwili kokote. Panya wa Hunter hawakuwa wajinga kiasi kile. Taa iliyozimika ndiyo iliyokuwa swali lisilowafaa.

Maabara za Marekani ziliwaegemea panya, wanaozaana upesi na kukaa vizimbani bila vurugu. Rakuni huguguna, hufungua na hutoroka, kwa hiyo utafiti juu ya akili yake ukafifia kwa miaka mingi. Ulipofufuka, vifaa vilibidi vitengenezwe kwa kumhofia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 na Lauren Stanton, Sarah Benson-Amram na wenzao, rakuni wanane walipewa bomba refu lenye maji na vitamutamu vinavyoelea mbali na mkono. Baada ya mafunzo, wawili walijifunza kudumbukiza mawe ili maji yapande. Wa tatu alikipindua kifaa kizima, ingawa kilikuwa kimetengenezwa kisipinduke, akala. Watafiti hawakulifuta tendo hilo kama kasoro. Waliliingiza katika matokeo kuwa njia aliyoivumbua mwenyewe, na hapo ndipo naona walimfuata Hunter vizuri.