Boya Halimo Tangini

Kabla sijamfikia fundi nilikuwa nimekwisha kununua dawa. Boya jipya la tangi, na mkono wake wa waya na mpira wake, ndani ya kiboksi, mfukoni mwa koti. Kwa miezi minne mshale wa mafuta wa pikipiki yangu ulikuwa umelala kwenye E, tangi lijae lisijae, nami nikajiridhisha kwamba boya limetoboka, limekunywa petroli na kwenda chini. Tuko Dodoma, mji ambao Wagogo husimulia kwamba ulipewa jina na tembo aliyekwama topeni: idodomya, amezama. Nani angehangaika kutafuta sababu nyingine?

Geji ikifa, hasara haionekani siku hiyo hiyo. Mwanzoni unahesabu kilomita, unaitikisa pikipiki na kusikiliza mafuta yanavyopiga ukuta wa tangi. Kisha unazoea, na kuzoea ndiko kulikoniponza. Siku moja nilikuwa nimepita Mayamaya, naelekea Haneti kwa barabara ya Kondoa, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikainama kugeuza koki niende kwenye akiba. Kumbe koki ilikuwa huko huko kwenye akiba tangu jana yake. Nikasukuma juani, mibuyu ikinitazama, hadi kwenye kibanda cha mafuta ya chupa, nikanunua kwa bei ambayo EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, haijawahi kuitangaza.

Fundi wangu yuko Chang'ombe, chini ya mwarobaini. Nilimsalimia kwa Kigogo, ile Mbukwa yangu ya mgeni, akaitikia bila kuacha kufuta mikono. Nikamweleza ugonjwa, nikamkabidhi na dawa. Akakifungua kiboksi, akakifunga, akakiweka juu ya kigoda.

"Kwanza tuulize, mkuu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Mimi nilikuwa nimeshajibu. Yeye alikuwa hajauliza bado.

Geji ya mafuta si kitu kimoja. Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono. Mafuta yakipanda nalo linapanda, na mkono unateleza juu ya kipande kinachozuia umeme. Katika pikipiki nyingi za huku, tangi likiwa tupu kizuizi ni kikubwa, likijaa kinapungua. Waya mmoja unapeleka habari hiyo kwenye mshale, mwingine unarudi ethi, yaani kwenye chuma cha pikipiki. Kwa hiyo mshale uliolala kwenye E unaweza kuwa unasema mambo manne au matano tofauti kwa sauti ile ile: tangi tupu, boya limezama, mkono umekatika, waya umekatika, au mshale wenyewe umekufa.

Alichomoa soketi chini ya tangi, akamwambia kijana mmoja aliyekuwa na sigara asogee mbali, akawasha swichi. Akachukua kipande cha waya, kifupi kuliko kidole, akaziunganisha zile nyaya mbili za upande wa pikipiki. Mshale ukipanda hadi F, geji na nyaya ni nzima, na mwizi yumo ndani ya tangi. Tukasubiri, maana mishale ya namna hii hutengenezwa iwe mizito kusudi isicheze kila mafuta yanapotikisika. Haukupanda.

Akautoa mwisho mmoja wa kile kipande kwenye waya wa kijani, ambao ndio ethi, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukainuka, taratibu, kama mzee anayeamshwa usingizini. Akauachia haraka, asije akaiunguza koili.

"Boya halimo tangini," akasema, na vijana wa kijiweni wakaangua kicheko. Nilichelewa kidogo kuelewa ni boya gani anayesemwa.

Uone alivyofanya. Swali la kwanza lilitoa tangi kwenye kesi. La pili likatoa mshale na waya wake. Ikabaki njia ya ethi peke yake, urefu wa mkono hivi, na hakuna alichofungua wala kumwaga. Wapo mafundi wa kubadilisha, na hao nimewalipa sana maishani. Wanavua kifaa, wanavika kingine, ugonjwa ukibaki wanavua tena. Huyu anakata njia katikati, anatupa nusu iliyo nzima, anarudia kwenye nusu iliyobaki. Gharama ya vifaa vyake siku hiyo ilikuwa waya wa taka.

Akaufuata waya wa kijani kwa vidole mpaka mahali tangi linapokalia fremu. Ulikuwa umebanwa. Ganda zima kabisa kwa macho. Alipolichana, shaba ndani imekuwa unga wa kijani. Akakata, akaunga, akachomelea kwa risasi, akaupitisha njia nyingine.

Ningeondoka hapo. Yeye akaweka testa kwenye soketi ya tangi, akanipa dumu. "Mimina polepole." Nikawa namimina, namba za omu zikishuka. Mwanzoni ziliruka ruka hovyo, halafu karibu na robo ya tangi zikatulia, zikateremka vizuri mpaka mwisho.

Akasema sehemu ya chini ya kile kipande kinachozuia umeme imekwanguka, na karibu kila pikipiki ya kijiwe iko hivyo. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya bosi jioni. Anaweka mafuta ya elfu mbili, anapeleka abiria Mtumba au Nzuguni, anaweka ya elfu mbili tena. Boya halipandi kamwe. Mkono unashinda umekaa mahali pamoja, ukitetemeka na injini, ukisugua sehemu ile ile mwaka mzima. Sehemu yote ya juu iliyobaki inakaa mpya kama ilivyotoka kiwandani.

Nikamuuliza kama basi tubadilishe, maana kifaa kipya si ninacho.

"Ukiweka mafuta ya kueleweka, hutafika huko chini."

Akanitoza elfu saba, chini ya nusu ya bei ya kile kiboksi, ambacho nilimwachia. Nilipopita wiki mbili baadaye kilikuwa juu ya kigoda kile kile, hakijafunguliwa tena, kimekandamiza daftari lake la madeni lisifunuliwe na upepo wa Dodoma.