Kunasa Si Kubaini: Istilahi za Chombo cha Bakteria wa Hewani

Tumeisoma rasimu ya tafsiri inayoeleza vyombo vipya vya maabara vya kukamatia bakteria waliomo hewani. Mfasiri ana Kiswahili fasaha, wala hatukuona kosa la sarufi. Hata hivyo, istilahi zake tatu zitampotosha msomaji, na msomaji huyo huenda akawa mganga mkuu wa wilaya anayetafakari kama chombo kinunuliwe.

Kwanza, chombo chenyewe kimeitwa "kifaa cha vimiminika vidogo". Jina hili lina kasoro mbili. Kilicho kidogo si kimiminika bali njia yake, ambayo upana wake aghalabu haufiki milimita moja. Tena, kinachopita humo mwanzoni ni hewa, na hewa si kimiminika. Lugha yetu inalo neno ugiligili, linalojumuisha vitu vyote vinavyotiririka, hewa na maji pamoja. Twapendekeza "kifaa cha vijia vya ugiligili".

Pili, "kugundua". Kugundua ni kufichua lisilojulikana: Robert Koch aligundua bakteria wa kifua kikuu, akatangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Chombo hakigundui, hubaini kama bakteria anayejulikana yumo au hayumo. Na kabla ya kubaini kuna kunasa. Katika kifaa kilichoelezwa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, kijia kilitiwa michoro iliyopangwa mfano wa miiba ya samaki, ili hewa izungukezunguke na bakteria wagonge kuta wanase. Uchunguzi wa kuwatambua ni hatua nyingine inayofuata. Rasimu imeziita hatua zote mbili "kugundua". Anayeisoma ataamini kuwa amenunua majibu, kumbe amenunua mtego.

Tatu, "vijidudu". Neno hili hukusanya bakteria na virusi kapu moja. Katika mazungumzo halina ubaya. Katika maelezo ya kitaalamu lina hatari, kwa kuwa antibiotiki huua bakteria lakini hazidhuru virusi. Bakteria na aitwe bakteria.

Wako watakaosema kwamba twagombania maneno tu. Wakumbuke kwamba mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 hauenezwi kwa hewa. Madaktari walilitumia neno hilo kwa maana finyu, ya chembe ndogo sana zinazoelea kwa muda mrefu. Wataalamu wa fani nyingine, na umma pia, walilielewa kwa mapana zaidi. Ubishi ukawa mkubwa, na mwezi Aprili 2024 shirika hilo hilo likatoa ripoti ya kuzipatanisha istilahi hizo, baada ya kushauriana na wataalamu wa fani mbalimbali. Iwapo lugha zilizozoea sayansi hiyo zilijikwaa namna hii, sisi tunaoziunda istilahi zetu leo tunayo nafasi ya kujihadhari mapema.

Kwa hiyo twamshauri mfasiri aipitie upya rasimu yake akiwa pamoja na fundi wa maabara. Kamusi itampa maneno, lakini fundi ndiye atakayemwonyesha hewa inapoingilia, bakteria wanaponasa, na mahali ambapo kazi ya chombo hukoma.